Kometi au nova: mtazamaji wa anga wa Mombasa awinde kipi?

Mtu anayeishi Mombasa, mwenye bainokula au kamera ya kawaida na hamu ya kuona kitu ambacho jana hakikuwepo angani, ana njia mbili kuu mbele yake. Anaweza kuwinda kometi, yaani nyota zenye mkia, au anaweza kuwinda nova, zile nyota zinazolipuka na kung'aa ghafla mahali palipokuwa na giza. Njia hizi hutajwa pamoja mara nyingi, kwa sababu baadhi ya wawindaji mashuhuri walizifuata zote mbili. Mwingereza George Alcock aligundua kometi 5 na nova 5 kwa kutegemea hasa bainokula na kumbukumbu yake ya mpangilio wa maelfu ya nyota, na kometi yake ya mwaka 1983 aliiona akiwa ndani ya nyumba, kupitia dirishani. Hata hivyo, ukishaanza kupanga usiku wako ukiwa Nyali, Tudor au Likoni, utaona kwamba kazi hizi mbili zinadai vitu tofauti, na kwamba mji wenyewe unaipendelea moja kuliko nyingine.

Niuseme msimamo wangu mapema ili msomaji azipime hoja akijua ninakoelekea. Anayetaka kugundua bila kutoka mjini, nova ndiyo chaguo la busara. Anayetaka kutazama na kufuatilia tu, kometi ina mengi zaidi ya kumpa, ila itamtoa kitandani mapema na itamtoa nje ya mji.

Nukta na wingu

Tofauti inayoamua mambo mengi ni umbo la mwanga wenyewe. Nova hutokea katika jozi ya nyota zinazozungukana kwa karibu, ambapo nyota kibete nyeupe, ndogo kama Dunia lakini yenye uzito unaokaribia ule wa Jua, hunyonya hidrojeni kutoka kwa mwenzake mpaka tabaka lililojikusanya juu yake linawaka kwa mlipuko wa nyuklia. Mwanga huongezeka mara maelfu kwa muda mfupi, lakini kwa sababu ya umbali unabaki kuwa nukta moja tu. (Pwani yetu ina mkono katika historia ya jozi za namna hii: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilisaidia kuonyesha kwamba baadhi ya vyanzo vya eksirei angani ni nyota zinazonyonya maada kutoka kwa wenzao.) Kometi, kwa upande wake, ni bonge la barafu na vumbi linalopashwa moto na Jua na kutoa gesi, na kile tukionacho si bonge lenyewe bali ni wingu linalolizunguka, ambalo wakati mwingine huonekana kuwa na upana unaolingana na wa Mwezi.

Uangavu wa vitu vya angani hupimwa kwa madaraja, na namba ikipanda mwanga hupungua; jicho tupu penye giza kamili hufika daraja la 6. Kometi inapotajwa kuwa ya daraja la 7, maana yake ni kwamba mwanga wake wote ukikusanywa utalingana na nyota ya daraja hilo, lakini haujakusanywa. Ni kama kijiko cha maziwa kilichomwagwa ndani ya ndoo ya maji: maziwa yamo yote, ila ukitafuta weupe huuoni. Ndiyo maana bainokula ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50) inayoonyesha nyota za daraja la 8 bila taabu kutoka juu ya paa la ghorofa inaweza kushindwa kabisa kuionyesha kometi ya daraja la 7 katika mbingu ile ile.

Hapa ndipo Mombasa inapoanza kumchagulia mtu. Taa za bandari ya Kilindini, za hoteli za Nyali na Bamburi na za barabara ya kuelekea Mtwapa husambazwa na unyevu wa hewa ya bahari, na mbingu ikawa ya kijivu hata usiku usio na mwezi. Mwindaji wa nova hupoteza daraja moja au mawili na kuendelea na kazi yake, lakini mwindaji wa kometi anaweza kuupoteza usiku wote.

Saa, mwezi na bahari

Giza kamili huingia Jua linapofika nyuzi 18 chini ya upeo, na kwa hapa kwetu wakati huo hauko mbali na Isha jioni na adhana ya Alfajiri asubuhi, kwa hiyo mkaazi wa Mombasa anayo ratiba ya giza bila kutafuta programu yoyote ya simu. Nova huweza kutafutwa wakati wowote katikati ya nyakati hizo, mradi Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota nyingi, iko juu. Kometi ambazo mtu binafsi bado ana nafasi ya kuzigundua huwa karibu na Jua, hivyo muda wake halisi ni saa moja hivi kabla ya Alfajiri au saa moja baada ya Isha. Anayefuata tarehe za mwezi mwandamo atapanga kwa urahisi: saa hiyo ya jioni huwa bila mbalamwezi kuanzia tarehe 17 au 18 hadi mwandamo unaofuata, na saa hiyo ya alfajiri huwa bila mbalamwezi kuanzia siku za mwisho za mwezi hadi tarehe 11 hivi.

Upande wa kometi una hoja moja nzito ambayo sina budi kuikubali. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na hapa njia ya Jua angani husimama karibu wima mwaka mzima. Kitu kilicho nyuzi 30 kutoka kwenye Jua huwa kimepanda kiasi cha nyuzi 12 juu ya upeo wakati giza la alfajiri linapoanza kuvunjika, ilhali mtazamaji wa Ulaya, katika miezi ambayo njia hiyo imelala upande, hukikuta kimegusana na upeo au hakioni kabisa. Juu ya hayo, fukwe zetu zinaelekea mashariki. Ukisimama Shanzu, Nyali au Shelly Beach kabla ya mapambazuko, taa za mji zote ziko mgongoni na mbele yako hakuna ila bahari. Kwa kometi za jioni hali ni kinyume, kwa kuwa magharibi ndiko kwenye majengo, minazi na mwanga wa bara, na mtu hulazimika kupanda Mazeras au vilima vya Shimba ili apate upeo ulio wazi.

Ufuo wa alfajiri una masharti yake. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, na bamvua mojawapo huja mwezi unapoandama, yaani siku zile zile za giza unazozitaka. Ufuo hubaki ukanda mwembamba, na stendi ya kamera iliyosimamishwa mchangani hupigwa na wimbi kabla hujamaliza kulenga. Afadhali kusimama kwenye ngazi au ukuta ulio juu ya ufuo, na afadhali zaidi kutokwenda peke yako.

Ushindani wa mitambo

Zamani mwindaji wa kometi alishindana na wawindaji wenzake. Mmarekani Don Machholz alitumia saa zipatazo 1,700 kwenye darubini kabla ya kupata kometi yake ya kwanza mwaka 1978, na hatimaye alifikisha kometi 12. Leo anayeanza anashindana na mitambo inayopiga picha sehemu kubwa za anga kila usiku usio na mawingu. Mradi wa ATLAS una darubini Hawaii, Chile na Afrika Kusini. Pan-STARRS iko Hawaii. Na kituo cha Vera C. Rubin nchini Chile, chenye kioo cha mita 8.4, kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Mitambo hii hukamata kometi zikiwa hafifu mno na zikiwa mbali mno. Kometi Tsuchinshan-ATLAS, iliyopendeza macho ya watu wengi Septemba na Oktoba 2024, ilikwisha kugunduliwa mapema mwaka 2023, zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla haijalikaribia Jua.

Mwanya uliobaki ni ule wa karibu na Jua, ambako mitambo haielekezwi. Hideo Nishimura wa Japani aliutumia mwanya huo tarehe 12 Agosti 2023, alipopiga picha za anga ya alfajiri kwa kamera ya dukani yenye lenzi ya milimita 200 na kukuta kometi ambayo ilikuwa imebakiwa na wiki chache tu kulifikia Jua. Ugunduzi huo huwatia moyo wengi, na ni haki, ila anayeutaja asisahau kwamba Nishimura alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na kwamba hiyo haikuwa kometi yake ya kwanza.

Kwa nova, mitambo mikubwa ina udhaifu wa aina nyingine. Imetengenezwa kwa ajili ya vitu hafifu, na nyota angavu huijaza picha yake mwanga kupita kiasi. Vilevile mtambo hauwezi kupiga picha pale ambapo kuna mchana au mawingu. Mwaustralia John Seach aligundua nova katika kundi la nyota la Kantarusi (Centaurus) tarehe 2 Desemba 2013 kwa kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 50, na nova hiyo ilipanda hadi ikaonekana kwa macho matupu. Tusijidanganye kwamba uwanja ni mtupu: nova ya Juni 2025 katika kundi la Lupus, ambayo nayo iliweza kuonekana kwa macho penye giza, ilikamatwa kwanza na mtambo wa ASAS-SN. Lakini nova zinazogunduliwa katika galaksi yetu ni kama 10 kwa mwaka, wakati makadirio ya zile zinazolipuka ni kati ya 30 na 50. Nyingi ya zinazokosekana zimefichwa na vumbi, na baadhi hupita tu bila mtu kutazama upande ule siku ile. Longitudo yetu ina thamani hapa, kwa sababu Japani inapopambazuka na Chile ikiwa bado mchana, Mombasa iko gizani.

Mahali pa kutazama panajulikana. Nova nyingi hutokea kuelekea kitovu cha galaksi, katika makundi ya Nge, Mshale na Hawaa, na kitovu hicho hupita juu sana kwetu, kiasi cha nyuzi 65 kutoka upeo wa kusini. Jioni huonekana vizuri kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa Kusi, ambapo mawingu hupita vipande vipande na kumchosha mtu. Binafsi naipenda zaidi Februari na Machi, Kaskazi ikiwa bado inavuma na mbingu ikiwa safi, kwa sababu makundi hayo huchomoza juu ya bahari kabla ya Alfajiri. Picha moja ya mashariki saa hiyo hubeba Njia Nyeupe na pia eneo la karibu na Jua, kwa hiyo mwenye kamera anaweza kutafuta vyote viwili bila kuongeza saa ya kazi.

Kazi yenyewe

Kuwinda nova kwa kamera ni kazi ya kulinganisha picha. Unaisimamisha kamera juu ya stendi, unaweka lenzi ya milimita 50, unapiga picha 6 au 8 za eneo moja, kila moja ya sekunde 5, na kati ya picha na picha unaisogeza kamera kidogo sana. Nyumbani unaziunganisha kwenye kompyuta ili nyota hafifu zijitokeze, kisha unaiweka picha ya leo juu ya ile ya wiki iliyopita na kuzibadilisha harakaharaka kwenye skrini. Nyota zote hutulia mahali pake, na kilicho kipya hupepesa. Kwa njia hii nyota za daraja la 8 au la 9 hupatikana hata ukiwa na mwanga wa mji, na anayepandisha hadi lenzi ya milimita 135 huenda mbali zaidi, ila eneo analolifunika kwa picha moja hupungua sana.

Vingi vinavyopepesa si nova. Doa la kamera yenyewe hubaki pale pale kwenye picha hata baada ya kuisogeza, na ndiyo sababu ya ule usogezaji. Mmweko wa setilaiti huonekana kwenye picha moja tu. Asteroidi angavu kama Vesta hupita katika Mshale kwa sababu njia ya sayari inakatiza hapo, na huwa imehama kidogo usiku unaofuata. Wasumbufu wakubwa ni nyota za aina ya Mira, ambazo hupanda na kushuka kwa miezi na huweza kutokea mahali ambapo picha yako ya zamani haikuonyesha kitu. Rangi yao nyekundu huzitambulisha, na orodha ya nyota badilifu ya shirika la AAVSO la Marekani hulimaliza shauri. Ukaguzi huu wote unaweza kufanywa mezani, na kitu chenyewe kitakuwa pale pale kesho.

Kometi haikupi utulivu huo. Anayetumia bainokula huanza karibu na upeo, akaipitisha polepole kushoto na kulia, na kila mstari akapanda nusu ya upana wa anachokiona, akitafuta kidoa kisicho na ncha. Vidoa hivyo ni vingi: Charles Messier wa Ufaransa alitunga orodha yake, ambayo leo ina vitu 110, kwa sababu vilikuwa vikimchanganya na kometi alizozitafuta. Ukishahakikisha kwamba chako hakimo katika orodha, inabaki kuthibitisha kwamba kinatembea kati ya nyota, na hilo huhitaji muda ambao mapambazuko hayakupi. Mara nyingi inabidi kurudi asubuhi ya pili, na asubuhi ya pili Mombasa ina mawingu.

Vifaa vyote huteswa na hewa yetu. Lenzi inayotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi hufunikwa na ukungu papo hapo, kwa hiyo ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na iachwe nje nusu saa kabla ya kazi. Chumvi ipanguswe kila urudipo, na kifaa kihifadhiwe pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu, la sivyo kuvu huota ndani ya vioo mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nani anapata jina

Kuna wanaoona aibu kulitaja jambo hili, lakini huamua uchaguzi wa wengi. Kometi hupewa jina la mgunduzi wake, na wakigundua watu kadhaa kwa wakati mmoja majina kwa kawaida hayazidi mawili, mara chache matatu. Nova haibebi jina la mtu. Ile ya Seach inaitwa V1369 Centauri katika orodha, na jina la mgunduzi limeandikwa tu kwenye taarifa ya ugunduzi. Kama lengo lako ni jina lako liende angani, hoja zangu zote za mwanga wa mji hazitakuzuia, na haifai zikuzuie. Jipange tu kwa miaka mingi na kwa safari za Kilifi au Kwale.

Taarifa zenyewe hupokelewa na Central Bureau for Astronomical Telegrams huko Marekani, kwa nova na kwa kometi pia. Nova hudai mahali ilipo, uangavu wake, na picha ya awali inayoonyesha kwamba hapo hapakuwa na kitu. Kometi hudai vipimo vya mahali katika nyakati tofauti ili mwendo uonekane. Saa huandikwa kwa muda wa kimataifa, yaani ondoa saa 3 kwenye saa zetu za Afrika Mashariki.

Kwa asiyetafuta ugunduzi

Mtazamaji wa kawaida nampeleka kwa kometi bila kusita. Kometi angavu hubadilika kila usiku: mkia hurefuka, hujikunja, hukatika, na wingu hubana au hutawanyika. Makadirio ya uangavu hupatikana kwa kuzitoa nyota za jirani nje ya ulengo mpaka zitanuke kama kometi yenyewe, kisha kulinganisha, na matokeo hutumwa kwenye hifadhi ya COBS inayoendeshwa kutoka Slovenia. Nova hutazamwa kwa njia rahisi zaidi, kwa kuiweka kati ya nyota mbili zenye uangavu unaojulikana, na namba hupelekwa AAVSO, ambayo imekuwa ikikusanya makadirio ya watu binafsi tangu mwaka 1911. Ni kazi yenye manufaa, lakini kwa macho ni nukta ile ile inayofifia.

Nova moja tu inavunja kanuni hiyo. T Coronae Borealis, ambayo kwa kawaida ni ya daraja la 10, ililipuka mwaka 1866 na tena mwaka 1946, na kila mara ilifika karibu daraja la 2, angavu kiasi cha kuonekana kutoka katikati ya mji. Kwa sababu pengo lilikuwa miaka 80, watafiti wa falaki wamekuwa wakiingojea tena. Kwetu hupita upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60, na jioni za Juni na Julai ndizo zenye nafasi nzuri. Haihitaji kifaa, inahitaji mtu kujua mpangilio wa Corona Borealis, kundi dogo la nyota ilimo nova hiyo, na kulitupia jicho kila usiku ulio wazi, kwa kuwa ikilipuka hufifia na kutoonekana kwa macho ndani ya wiki moja hivi.

Masika

Mvua kubwa za Aprili na Mei hufunga njia zote mbili, na hapo kuna njia ya tatu isiyohitaji hata paa. Chombo cha SOHO, kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995 kulichunguza Jua, hutuma picha ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzikagua, na kufikia Machi 2024 kometi 5,000 zilikuwa zimepatikana ndani yake, nyingi zikiwa zimeonwa na watu wa kawaida. Jina lake huwa SOHO, si lako. Nyingi ni vipande vidogo vinavyoteketea karibu na Jua na havionekani kamwe kutoka ardhini.

Zaidi ya hizo, chombo hicho hicho kina kifaa cha SWAN, kinachoona hidrojeni inayotoka kwenye kometi, na kupitia hicho Vladimir Bezugly wa Ukraine alipata kometi angavu Septemba 2025. Picha za SWAN ni pana na zenye ukungu, mahali panapatikana kwa kukadiria tu, na kidoa kisichothibitishwa na picha ya kutoka ardhini hakihesabiwi kuwa kometi. Mkaguzi wa Mombasa anayeichagua njia hii awe na mwenzake mwenye darubini mahali pakavu, au yeye mwenyewe awe tayari kusimama ufuoni asubuhi ya kwanza mvua itakapokatika, akilenga juu ya bahari upande ule aliouona kwenye skrini.